Kliniki ya mia tano hapa Malindi: nilitoka bila antibayotiki na nitarudi tena

Nyota nne na nusu. Hiyo nusu niliyokata nitaieleza huko chini, wacha kwanza niseme kilichonikalisha nikaandika, maana mie ni mshonaji, nina cherehani mbili na kibanda upande wa Majengo, na saa hii ni usiku nishafunga na kesho kuna magauni ya harusi yanangoja, lakini hili jambo nisipolitoa halitanitoka.

Majina ya sehemu sitaji, si hii ninayoisifu wala zile nyengine, sitaki watu wagombane. Mwenye kutaka kujua ataniuliza ana kwa ana.

Mwezi wa sita kusi ilipokaza na vile vimvua vya asubuhi nikashikwa na mafua. Pua yatiririka, koo lawasha, siku ya tatu sauti ikakata kabisa nikawa wateja nawaonyesha bei kwa vidole, alafu mafua yakaondoka kikabaki kikohozi peke yake, kile cha usiku, cha kukaa kitako kitandani mpaka alfajiri. Siku ya nne nikafanya vile tunavofanya sote, nikavuka barabara nikaingia kemisti nikasema nipe amoksilini. Sikuulizwa kitu. Kijana akafungua kopo, akahesabu kapsuli 15, akatia kwenye kibahasha cha kaki, akaandika kwa kalamu 1x3 akanipa, shilingi 150, nikaondoka roho imetulia. Sheria ya Kenya yasema antibayotiki haiuzwi bila karatasi ya daktari lakini mnajua wenyewe vile tunaishi. Siku ya tisa bado nakohoa vile vile, mbavu zauma, binti yangu akaniambia mama si uende kwa daktari tu.

Nikaenda pale kwa sababu pana benchi lenye kivuli, wallahi hiyo ndo sababu. Mlangoni pameandikwa kumwona daktari shilingi 500, walipa kwanza. Nikasimama nikafikiri. Ile kliniki nyengine niliyozoea, kumwona daktari ni bure, walipa dawa tu, na mie siku zote nilikuwa nasema hao ndo watu wenye utu. Nikatoa hiyo mia tano kwa shingo upande.

Yule tunamwita daktari lakini ni klinikal ofisa, mtabibu wa ngazi ya chini ya daktari, kijana, Mgiriama wa huku huku. Akanikaribisha, na kabla hajaniuliza naumwa wapi akaniuliza, "Dada, mpaka sasa umeshakunywa dawa gani?" Nikatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba. Akaifungua, akazimimina kwenye kiganja, zilikuwa zimebaki mbili. Akauliza nilianza lini, zile nyengine nilikunywa saa ngapi, kuna siku nilisahau, nikamwambia ndio. Akaandika yote. Mie miaka 43 hii sijawahi kuulizwa hivo na mtu yeyote wa dawa.

Alafu akanipima. Akaniwekea kipimajoto kwapani, 37.1. Akanibana kidole na kile kidude cha kupima hewa kwenye damu, 98. Akaweka simu yake mezani akaiangalia huku anatazama kifua changu, kimya, dakika nzima, nikadhani amesahau kama nipo, kumbe ahesabu pumzi, akaandika 16. Akanimulika kooni na tochi. Akanipapasa chini ya taya pande zote mbili kutafuta matezi. Akasikiliza mgongo, juu, katikati, chini, kushoto kulia, "vuta ndani, toa", mpaka nikaona kizunguzungu kidogo. Akauliza maswali ambayo sikuyatarajia: usiku walowa jasho? Nguo zimekupwaya? Kuna mtu nyumbani ashawahi kuugua TB? Makohozi yana damu? Wapikia makaa ndani? Hapo kibandani vumbi la vitambaa laingia puani? Yote hayo karibu robo saa na nje kuna watu sita wangoja.

Alipomaliza akasema, "Dada, kifua chako ki safi. Hivi ni virusi. Antibayotiki sikupi."

Niseme ukweli nilikufa moyo. Nikamwambia daktari mie nimelipa mia tano. Hakukasirika wala hakucheka, akasema, "Umenilipa nikuangalie na nimekuangalia. Nikikupa dawa utanilipa elfu moja na mia tano zaidi, na kikohozi kitaisha siku ile ile ambayo kingeisha bila dawa." Hayo maneno yamenikaa mpaka leo.

Akanieleza taratibu, na kwa lugha yangu. Penisilini na ndugu zake kama hiyo amoksilini kazi yao ni kuvunja ukuta wa bakteria, na virusi hana ukuta huo, kwa hivyo dawa yapita pembeni yake kabisa. Lakini haipiti bure, kwenye tumbo na ngozi na koo tuna bakteria wengi wasio na ubaya wowote na wengine wanatusaidia, dawa yawapata hao. Wanaokufa ni wale wanyonge, wanaobaki ni wale walioishinda dawa, na hao ndo wanaozaana. Akasema kikohozi cha baada ya mafua kwa mtu mzima kwa wastani chaenda kama siku 18, sisi twadhani ni siku tano ndo maana siku ya sita twakimbilia kemisti. Na watu washafanya utafiti wa kulinganisha, wenye kikohozi kama changu wakipewa antibayotiki kikohozi chapungua kama nusu siku tu. Nusu siku! Mie nilikuwa nimekunywa kapsuli 13.

Hata koo, nikamwuliza, kwani lile koo la siku za kwanza si lilikuwa na bakteria? Akasema kwa watu wazima 100 wenye koo lauma, wale wenye bakteria wa kweli wanaohitaji penisilini ni 5 mpaka 15 hivi, na wana dalili zao, homa, matezi ya mbele ya shingo yaliyovimba na kuuma, mafindofindo yenye madoa meupe ya usaha, na mara nyingi hawakohoi. Mtu anayekohoa na pua yatiririka na sauti imekata, hao ni virusi karibu siku zote.

Kwenye karatasi akaniandikia asali kwenye maji ya vuguvugu, kusukutua na maji ya chumvi, Panadol nikipata homa, na chini akaandika mambo ya kunirudisha mbio siku hiyo hiyo: homa ikirudi, pumzi ikiwa fupi, kifua kikichoma ninapovuta hewa, damu kwenye makohozi. Na siku ya 14 kama bado nakohoa nirudi nikapimwe makohozi ya TB. Kurudi ndani ya wiki mbili hulipi tena. Nikatoka na karatasi, sina hata kidonge kimoja mkononi.

Sasa kwa nini mie nilimsikiliza na sikuvuka tena barabara kwenda kemisti? Kwa sababu ya mamangu, na hii ndo sababu hasa naandika.

Mamangu ana miaka 67 na ana sukari. Kwa muda wa kama miaka miwili kila alipohisi mkojo wamchoma alikuwa amtuma mjukuu na bahasha tupu ya zamani, "mwambie anipe kama hizi." Na alipewa. Zilikuwa siprofloksasini, mara vidonge vitano, mara sita, kulingana na pesa iliyoko, na akipata nafuu siku ya pili azibakisha, aziweka kwenye kile kikopo cha majani ya chai na nyengine ampa jirani. Hakuna aliyempima mkojo hata mara moja. Na mie nilijua, nilikuwa namwona, na pesa nyengine nilikuwa natoa mie.

Mwaka jana usiku mmoja akaanza kutetemeka, meno yagongana, akawa aniita jina la dadake aliyekufa. Tulimkimbiza hospitali na tuktuk. Wakachukua mkojo wakauotesha maabara, yaani wakawakuza bakteria waliomo waone dawa gani yawaua, majibu siku tatu, na karatasi ilipokuja nikaionyeshwa: jina la dawa, mbele yake herufi. S ni dawa yafanya kazi, R ni bakteria ameshakuwa sugu. Siprofloksasini R. Septrin R. Hata seftriaksoni, ile sindano tunayoiamini sote, R. R zilishuka kama ngazi mpaka chini kabisa ndo zikapatikana S mbili tatu. Akatundikiwa meropenemu kwa dripu siku saba, na bili ilipita elfu sitini. Alitoa bangili zake za dhahabu alizopewa siku ya harusi yake, na alizivua mwenyewe mkononi, nikamsaidia na sabuni maana zilikuwa zimebana.

Baadaye huyu daktari wa mia tano ndo alinieleza kilichotokea, kwamba mtu akipewa dozi moja tu ya antibayotiki na daktari wa kawaida wa mtaani, wale bakteria sugu waweza kukaa mwilini mwake mpaka miezi 12. Kwa hivyo kila bahasha ilikuwa yawaongezea nguvu kabla ya bahasha nyengine. Hilo sikuwahi kulijua, mie nilidhani usugu ni jambo la hospitali kubwa, la watu wa ICU, kumbe latengenezwa hapa hapa, kwenye mafua na mkojo na tumbo la kuharisha la watu wazima wanaotembea.

Sasa nampeleka mama pale kila mwezi kwa sukari. Kuna siku kipimo cha mkojo kilionyesha kuna bakteria, na mie moyo ukaruka, nikasema daktari mwandikie dawa upesi. Akamwuliza mama, "Bibi, wakati wa kukojoa kwachoma? Tumbo la chini lauma? Waenda mara kwa mara? Homa?" Mama akasema hapana mwanangu mie mzima. Akasema basi hatumpi, wazee wengi wa kike wana bakteria kwenye mkojo wala hawaumwi, na kuwatibu hao ni kuwaamsha wabaya. "Hatutibu karatasi, twatibu mtu." Miezi miwili baadaye kukachoma kweli, akachukua mkojo ukaenda kuoteshwa kwanza, alafu akamwandikia nitrofurantoini siku tano huku twangoja majibu, na kabla ya kuandika akaangalia kipimo cha figo zake maana dawa hiyo yataka figo zinazofanya kazi. Majibu yalipokuja ilikuwa S. Mama alipona na ile siprofloksasini hakuigusa.

Ukutani kwake kuna chati ya Shirika la Afya Duniani, ina rangi tatu kama taa za barabarani. Kijani ni dawa za kuanzia, amoksilini, doksisaiklini, nitrofurantoini, hata Flagyl. Njano ni za kuangaliwa, azithromaisini, siprofloksasini, seftriaksoni, na hiyo meropenemu ya mamangu. Nyekundu ni za akiba, za mwisho kabisa. Mpango huo waliuanzisha 2017, na 2024 nchi zikakubaliana kule Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 angalau 70% ya antibayotiki watu wanazotumia duniani ziwe za kijani. Mie nikaiangalia ile chati nikatafuta dawa zote nilizowahi kupewa kwa mafua miaka ya nyuma na karibu zote zilikuwa njano.

Sasa hapa kwenye pesa nisikilizeni vizuri.

Ile kliniki ya kumwona daktari bure, mwaka juzi nilienda na kikohozi kama hiki hiki. Dakika mbili. Hakunigusa. Akanipeleka kutoa damu, nikarudishiwa una taifodi na malaria kidogo, nikapigwa sindano, nikapewa azithromaisini, na dawa ya maji ya kikohozi, na vitamini, na vidonge vya tumbo kwa sababu hizo nyengine zauma tumbo. Shilingi 3,800. Nilitoka na mfuko mzima na nilifurahi! Nilimsifia mtaani. Lakini kaeni mfikirie, daktari ambaye halipwi kukutazama analipwa na nini? Kodi ya nyumba atoa wapi, mshahara wa muuguzi, stima? Ni kwenye ule mfuko. Akikwambia ukweli, kwamba kifua ki safi nenda nyumbani, siku hiyo hajala. Sisemi ni watu wabaya, nasema wamejiweka mahali ambapo ukweli wawatia hasara. Na huyu wa mia tano akikwambia usinywe kitu, mia tano yake ishaingia, hana haja ya kukuuzia kitu. Hiyo mia tano ndo bei rahisi kuliko zote nilizowahi kulipa kwa ugonjwa.

Na sisi wagonjwa nasi tuna sehemu yetu. Nilimwuliza kama wengine wamkasirikia akasema kila siku, kuna mzee alimwambia nimetoka Mambrui na nauli yangu nikaambiwe ninywe asali? Na kuna wanaotoka pale wakaenda moja kwa moja kemisti. Mtu amepoteza siku ya kazi, amelipa boda, nyumbani wanamngoja wamwulize kapewa nini, mikono mitupu ni aibu. Naielewa kabisa kwa sababu nami ilinipata.

Wala si Malindi peke yake. Uingereza, kule ambako antibayotiki nyingi huandikwa na hawa hawa madaktari wa kawaida wa mtaani, watu wa serikali walihesabu wakatoa majibu 2018 kwamba angalau 1 katika kila 5 wanazoandika haikuhitajika. Marekani kwa wagonjwa wa kwenda na kurudi ni angalau 28%. Na hao wana kompyuta na maabara. Uingereza wana njia moja, daktari akuandikia karatasi lakini akwambia ngoja siku kadhaa, usipopata nafuu ndo ukachukue dawa, na wengi huwa hawaendi kuchukua. Nilimwuliza wetu mbona hafanyi hivo, akasema hapa karatasi ya kungoja haina nguvu, kwa kuwa kemisti yauza hata bila karatasi, kwa hivyo yeye badala ya karatasi ampa mgonjwa ruhusa ya kurudi bila malipo. Naona ana haki.

Hili la taifodi nalo silipiti. Hapa Pwani kila mtu mzima ashaambiwa ana taifodi, kuna watu mtaani kwetu wana taifodi mara nne kwa mwaka. Kile kipimo cha tone la damu wanachotumia kinaitwa Widal, ni cha tangu 1896, na chaweza kutoa ndio kwa sababu uliwahi kuugua zamani, au ulichanjwa, au una ugonjwa mwengine kabisa. Kipimo chenyewe cha kweli ni kuotesha damu. Pale kliniki ya mia tano hawapimi Widal, wakikushuku una taifodi wakutuma utoe damu ya kuotesha. Malaria wapima, kwa kile kipimo cha haraka cha kudunga kidole, na kikisema huna basi huna, hupewi dawa ya "malaria kidogo."

Msije mkafikiri ni mtu wa kunyima dawa. Jirani yangu mvuvi, mzee wa miaka sitini na kitu, alienda pale na homa na ubavu wauma, na mie ndo nilimsindikiza. Daktari alihesabu pumzi 32, akamsikiliza chini kulia, na hakuchelewa hata kidogo, dozi ya kwanza alimezeshwa pale pale mbele yangu, akaitiwa tuktuk na barua aende hospitali ya serikali, na jioni daktari akapiga simu kuuliza kama kalazwa. Ilikuwa nimonia. Yule yule aliyeninyima mie siku ya tisa, mzee hakumngojesha dakika. Kwa hivyo suala ni kutazama kwanza.

Sasa hiyo nusu nyota. Chumba cha kungojea kina feni moja na haizunguki, mchana ni tanuri. Foleni ni ndefu kwa sababu atazama watu robo saa robo saa, ukienda saa nne asubuhi waweza kutoka saa saba, mtu wa kibarua hawezi. Dada wa mapokezi ajibu watu kwa ukali, na wazee hasa, na hilo nilimwambia mwenyewe. Bima ya afya ya serikali, SHA, hawachukui, na hapo wamewafungia mlango watu wengi ambao wangefaidika. Ijumaa mchana maabara imefungwa. Na dawa zao wenyewe ni chache, ile nitrofurantoini ya mama niliitafuta kemisti tatu nikaipata ya tatu, na kemisti ya pili yule kijana aliniambia chukua siprofloksasini tu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Nilimwambia hivo kwa sauti na watu wakageuka, na sioni haya.

Haya mambo yana uzito kuliko tunavoyabeba. Fleming aliyeigundua penisilini 1928, alipopewa Nobel 1945 alionya waziwazi huenda ikafika siku mtu aweza kuinunua dukani, na mjinga ajipa dozi ndogo awafundisha bakteria kuishinda. Miaka 80 imepita na mie nimesimama kemisti ya Malindi nimenunua kapsuli 15. Na watafiti walikadiria 2019 peke yake bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Nikisikia hiyo namba namwona mamangu avua bangili.

Siku ya 14 nilirudi, kikohozi kimepungua lakini kipo. Sikulipishwa, kama alivosema. Akanituma hospitali ya serikali na kikopo cha makohozi, kipimo cha TB ni bure, majibu yalirudi sina. Nikamwuliza mbona hakunipa zile kali za njano kwanza tuone, akasema baadhi yake, hizo jamaa za siprofloksasini, zaweza kuituliza TB kwa muda mtu akajiona kapona na kipimo kikadanganya, na wiki kadhaa baadaye arudi hali mbaya na ameshaambukiza nyumba nzima. Siku ya 19 nililala usiku mzima bila kukaa kitako. Asali kikombe kizima nilimaliza.

Wafungua saa mbili asubuhi Jumatatu mpaka Jumamosi, nendeni saa moja na nusu mkakae kwenye benchi la kivuli. Bebeni maji ya kunywa. Na bebeni bahasha zenu zote za kaki, hata zile tupu, kitu cha kwanza atakachowauliza ni hicho.